Mlango wa Wasichana

Saruji ilikuwa ndiyo kwanza imekauka Bi Philippa Garth alipofika asubuhi ile ya Jumanne, na Wilf Tattersall alikuwa amesimama kando ya mlango wa wasichana, mwiko mkononi, akingoja kusifiwa. Alistahili sifa, kwa kuwa kazi ilikuwa nzuri. Ukuta uliokuwa na mifuo arobaini na kitu iliyochimbika katika jiwe, kila mmoja mrefu kama kidole na umejaa masizi ya miaka mia, sasa ulikuwa laini kama shavu la mtoto. Chini yake kizingiti kilikuwa kimesuguliwa na mkewe, Doreen, kwa jiwe la kung'arishia mpaka mtu aone haya kukikanyaga.

Bi Philippa hakukikanyaga. Alibaki palepale njiani na mwavuli wake, akauliza mifuo iko wapi.

"Nimeiziba," Wilf akasema. "Mkaguzi wa London anakuja Alhamisi. Tungempokeaje na ukuta uliotobokatoboka vile?"

Sisi watu wa Ashbeck ndivyo tulivyo. Ukimwambia mtu wa Ashbeck kwamba mgeni anakuja kuiona nyumba yake ilivyo, ataisugua mpaka isiwe tena ilivyo. Daktari akiitwa kwetu, mgonjwa huamka kwanza ili shuka zake zipigwe pasi. Bi Philippa alikuwa katibu wa chama cha kuhifadhi majengo ya zamani, mama msomi mwenye subira, lakini alizaliwa kusini, na miaka kumi na mmoja ya kukaa kwetu haikumfundisha jambo hili moja alilopaswa kulijua kabla ya mengine yote.

Alifunga mwavuli, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akaeleza, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Halmashauri ya mji ilitaka kulibomoa jengo hili mwezi Machi ili ipitishe barabara. Halmashauri ilisema hili lilikuwa ghala la pamba tu, ambalo baadaye watu wa kanisa waliliazima kwa masomo ya Jumapili, wakaweka jiwe la "Wasichana" juu ya mlango. Chama kilisema la, hii ilikuwa shule ya hisani tangu enzi za Malkia Victoria, shule ya kila siku, iliyowasomesha na kuwalisha bure watoto wa mafukara kwa miaka hamsini na tano. Vitabu vya majina havikuwapo; wakati wa vita vilikusanywa pamoja na karatasi zote za mji vikasagwa. Kilichobaki ni mifuo ile. Watoto walikuwa wakinoa kalamu zao za mawe, zile za kuandikia kwenye vibao, pale ukutani, kila asubuhi, kabla ya kengele. Hakuna ghala lenye mifuo kama ile, na mkaguzi alikuwa anakuja kuiona hiyo ndipo aamue.

"Sasa kwa nini hukutuambia?" Doreen akauliza kutoka mlangoni, mikono imejaa povu.

Bi Philippa akasema aliandika barua. Barua ilikuwapo, nyuma ya saa ya mezani, kurasa tatu. Doreen alikuwa amesoma ukurasa wa kwanza, akaona umejaa heshima na maneno marefu, akairudisha ndani ya bahasha akiwa ameridhika. Maneno "tafadhali msiguse chochote" yalikuwa ukurasa wa tatu.

"Mtu mwenye jambo la haraka haliweki ukurasa wa tatu," Doreen akasema. Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe! Nikikuambia uzibe bomba, miezi sita. Nikikuambia uzibe ukuta, siku moja!"

Wilf akasema ingekuwa vizuri akumbukwe pia aliyeanzisha. Kweli, siye Doreen aliyeanzisha. Aliyekuwa akiisema mifuo ile miaka yote, kwamba ni aibu, kwamba inakusanya uchafu, kwamba mkaguzi akiiona atadhani hapa wanaishi nguruwe, alikuwa mama yake Doreen, Bibi Hester Ollerenshaw, aliyekuwa jikoni wakati huo akimenya viazi na kusikia kila neno.

*

Mtunza jengo alikuwa Wilf, na kazi hiyo ndiyo iliyowapa vyumba vyao: jiko kubwa la chini na vyumba vitatu vya juu. Jengo likivunjwa, halmashauri ingewapa Wilf na Doreen fleti ghorofa ya kumi na mbili, chumba kimoja cha kulala. Bibi Hester, mwenye miaka sabini na sita, angepelekwa nyumba ya wazee huko Moorside, mwisho wa njia ya basi. Hayo yalikuwa yameshaandikwa, yalingoja sahihi tu. Kwa hiyo mifuo ile ndiyo iliyokuwa imemshikilia bibi yule nyumbani kwa binti yake, naye ndiye aliyehimiza izibwe. Mchuma janga hula na wa kwao.

Wilf alichukua nyundo na patasi akajaribu kuirudisha mifuo. Lakini Wilf alikuwa fundi wa kweli, na saruji yake ikishika imeshika. Alipoigonga, ilibanduka pamoja na uso wa jiwe. Kufikia adhuhuri alikuwa amefungua mifuo mitatu, na miwili kati ya hiyo haikuwa mifuo tena bali mashimo ambayo hata mwehu asingesema yalichongwa na mtoto.

"Acha, Bwana Tattersall," Bi Philippa akamwomba. "Tafadhali. Kila ukitusaidia tunazidi kupotea."

Alibaki na njia moja tu, nayo ilikuwa imeshamshinda. Alihitaji mtu, hata mmoja, aliyesoma mle. Tangu Oktoba alikuwa amemtafuta. Aliweka tangazo gazetini, akasimama kwenye chakula cha wastaafu, akakatiza mchezo wa bingo na nusura arushiwe vikombe. Majibu yalikuja manne. Mzee mmoja alisema binamu yake alisoma pale, lakini binamu alikuwa Kanada, tena kaburini. Mama mmoja alisema aliwahi kupita nje. Wawili walitaka kujua kama kuna malipo. Mji mzima ulisoma shule ya Mtakatifu Oswald, ile ya kanisa, ya kulipa peni moja kwa wiki. Kwa hesabu ya watu wa Ashbeck, shule ya hisani iliendeshwa miaka hamsini na tano bila mwanafunzi hata mmoja.

Bi Philippa aliingia jikoni, akavuta kiti.

"Bi Ollerenshaw, samahani nakuuliza tena. Wewe ulikulia mitaa hii. Ulisoma wapi?"

"Oswald," Bibi Hester akajibu, na ganda la kiazi halikukatika. "Peni kwa wiki. Mama alikuwa akiifunga kwenye leso."

Na huo ulikuwa uongo mtupu, pamoja na leso yake. Hester alisoma hapahapa, tangu alipokuwa na miaka sita hadi kumi na miwili. Alikula uji wa shayiri katika jiko lilelile alimokuwa akimenya viazi. Mfuo mmoja pale ukutani, wa chini, ulioinamia upande usiofanana na wenzake, ulikuwa wake, kwa kuwa alizaliwa akitumia mkono wa kushoto. Kwa uji ule watoto wa Oswald waliwaita wanafunzi wa hapa "Bakuli." Bakuli kaja, Bakuli kapita, Bakuli ananuka. Siku ya gwaride la Pentekoste, Oswald walitembea mbele kwa magauni meupe, na Bakuli walifuata nyuma ya farasi. Alipopata kazi kiwandani akasema alisoma Oswald, alipoolewa akasema vivyo hivyo, na mumewe Albert alikufa akiamini hivyo. Wilf alipopewa kazi ya kutunza jengo hili, mwaka wa sitini na moja, na Hester akaambiwa ahamie nao, alilia siku mbili. Doreen alidhani mama yake analilia nyumba ya zamani. Tangu hapo alitumia mlango wa ubavuni tu. Mlango wa wasichana hakuukanyaga, na Doreen akaona ni unyenyekevu wa kizee.

"Asante," Bi Philippa akasema, akaandika "Oswald" kwenye daftari lake.

*

Jumatano akaja Bi Crabtree wa idara ya makazi, amebeba fomu. Doreen alimwambia jambo bado halijaamuliwa, mkaguzi anakuja kesho. Bi Crabtree akasema anajua, lakini fomu haidhuru ikijazwa mapema. Akaketi mkabala na Bibi Hester, akamuuliza Doreen.

"Anaweza kuoga mwenyewe?"

"Niulize mimi," Hester akasema. "Sijafa."

"Anaweza kupanda ngazi?" Bi Crabtree akaendelea, bado akimtazama Doreen.

Aliulizwa, au tuseme aliulizwa binti yake, kama meno ni yake, kama hulowesha kitanda, kama ana tabia ya kutangatanga. Doreen alijibu huku sauti ikikonda. Mwisho Bi Crabtree akasoma yanayoruhusiwa Moorside: kiti kimoja, picha mbili zenye fremu, redio ndogo. Akalitazama kabati la vyombo, walilolikuta humo walipohamia, lililofunika ukuta mzima toka dirishani hadi mlangoni, jeusi, zito kama dhambi. Akasema hilo bila shaka haliwezekani.

"Hilo halisogei," Hester akasema kwa ukali uliowashtua wote wawili.

Doreen akacheka kwa uchovu. Akaeleza kwamba mama yake na kabati lile wana mkataba. Miaka kumi na saba wameomba kulisogeza, wapake rangi nyuma, wafukuze panya, na mara zote bibi hugoma kama punda. Bi Crabtree akaandika kitu. Doreen alipochungulia aliona neno "mkaidi."

Jioni ilipokaribia akafika Edna Sugden, jirani na mwenzake Hester wa bingo, na pai ya viazi na nyama iliyofunikwa kwa kitambaa. Edna alikuwa na miaka sabini na minne, mjane, mdomo kama cherehani. Urafiki wao ulikuwa wa miaka arobaini, na katika miaka hiyo hawakuacha kukumbushana mambo ya Oswald: mwalimu mkuu mwenye sharubu, kengele ya shaba, magauni meupe.

"Maskini yule mama wa chama," Edna alisema, akijimiminia chai. "Nimemwona anatoka hapa kama aliyemwagiwa maji. Eti bado anatafuta Bakuli ajitokeze. Nani atajitokeza? Mtu afiche miaka sitini, halafu asimame mbele ya halmashauri aseme mimi ndimi niliyekuwa nalishwa?"

"Hakuna," Hester akasema.

"Ningekuwa mimi, ningekufa nalo."

"Hata mimi."

Wakala pai na kabichi nyekundu ya siki. Edna alipoaga, alimshika rafiki yake bega, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akasema Moorside wana bustani nzuri. Hester aliuchukia ule mkono begani kuliko maswali yote ya Bi Crabtree.

*

Mkaguzi, Bwana Penhale, alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyolowa na koti la mvua lililomzidi. Alifika Alhamisi saa nne, pamoja na Bwana Ridgard wa halmashauri, aliyekuwa na viatu visivyowahi kuona tope. Walizunguka jengo lote. Doreen aliwafuata kwa mbali na kitambaa mkononi, akifuta walipogusa, mpaka Wilf akamnyang'anya.

Walipofika kwenye mlango wa wasichana, Bwana Ridgard alipitisha kiganja juu ya saruji.

"Kazi safi hii, Wilf," akasema. "Nani angejua palikuwa na kitu?"

Wilf alitazama buti zake. Bi Philippa akatoa picha aliyoipiga wakati wa kiangazi, lakini siku hiyo palikuwa na kivuli, na mifuo ilionekana kama mikwaruzo ya paka. Bwana Ridgard akaitazama kwa adabu. Akasema mifuo ya namna ile iko kwenye maghala kadhaa. Wapagazi wa pamba walikuwa wakinoa kulabu zao. Alisikitika kwamba kuhusu wanafunzi hao, miezi mitano ya kutafuta haikumleta hata mmoja.

Bwana Penhale akauliza kama kuna kingine. Bi Philippa akairudisha picha ndani ya daftari lake.

"Nasikitika," mkaguzi akasema. "Mimi naandika ninachokiona." Akafunga kalamu yake.

Bibi Hester alikuwa nyuma ya dirisha la jikoni, na kioo cha Doreen kilikuwa safi mno kumficha mtu jambo. Alisikia habari ya wapagazi, akaona kalamu inafungwa. Aliona vilevile uso wa binti yake, uso wa mtu aliyekwisha kuanza kupanga ni kiti gani. Hester alikasirika. Aliikasirikia halmashauri, akamkasirikia Wilf na mwiko wake na huyo mama wa kurasa tatu, na zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, kizee kilichotumia maisha yake kuziba shimo ambalo kumbe ndilo lililokuwa likimpa pumzi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akaweka kisu, akatoka jikoni, akavuka ukumbi wote kwa ndara zake mpaka kwenye mlango asioutumia.

Mlango ulikuwa umekwama. Waliokuwa nje walisikia unapigwa kwa ndani, na Doreen akauvuta. Mama yake akatokea juu ya kizingiti cheupe, aproni imejaa maganda.

"Wapagazi gani wenye urefu huu?" akamuuliza Bwana Ridgard, mkono ukiwa usawa wa nyonga yake. "Mifuo ilianzia hapa. Ni kalamu zetu, za mawe. Mwalimu hakutaka ncha butu, na kisu nani angetupa?"

"Zetu nani, Mama?" Doreen akasema.

"Zetu sisi. Na unyamaze, Doreen, nikikatizwa sasa sitalisema tena."

Bwana Ridgard alitabasamu kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko dhihaka. Akasema anamheshimu bibi, lakini wazee husikia hadithi nyingi wakadhani ni zao. Tena kwa maelezo ya chama chenyewe, Bi Ollerenshaw alisoma Oswald. Alimwambia Bi Garth mwenyewe juzi tu, imo katika karatasi walizopeana asubuhi. Bi Philippa aliona haya mpaka shingoni.

"Nilidanganya," Hester akasema. "Uongo ule nimeusema miaka sitini, naujua kila kona yake. Huu siujui, ndiyo maana unaona natetemeka."

Bwana Penhale alivua miwani akaifuta. Akauliza, bila ukali, kama kuna chochote anachoweza kukiona kwa macho.

Hester akageuka kuelekea ndani.

"Njooni jikoni," akasema. "Na mfute miguu."

Kabati lilichukua wanaume watatu. Kwanza vyombo vilipaswa kutolewa, na Bwana Ridgard alijikuta amekumbatia seti ya chai ya harusi ya Hester, sahani ishirini na nne, asijue pa kuziweka, na hakuna aliyemwambia. Doreen aliomba mara mbili apewe dakika, huko nyuma kuna vumbi la miaka kumi na saba, wageni wataonaje.

"Liache hilo vumbi, mwanangu!" mama yake akasema. "Tumeshapangusa vya kutosha nyumba hii."

Nyuma ya kabati palikuwa na ubao uliopigiliwa ukutani, mrefu toka dirishani hadi mlangoni. Vigingi vya kutundikia makoti vilikuwa vimekatwa zamani, yamebaki mashina. Chini ya kila shina palikuwa na namba iliyochomwa kwa chuma cha moto, kuanzia sitini na moja hadi mia na nne. Bwana Penhale alipiga magoti kwenye vumbi la Doreen na koti lake zuri.

"Tisini na moja," Hester akasema. Hakusogea. "Wakubwa walikuwa ukumbini, wadogo hapa. Walitunyoa nywele sote kwa sababu ya chawa, wavulana kwa wasichana, hata hungemjua dada yako. Waliita namba, ukaja na bakuli. Kwa chuma hichohicho walichoma namba kwenye viatu vyetu, vile vya soli ya mti walivyotugawia, ili mama zetu wasiviweke rehani."

Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Mama alijaribu. Mwenye duka aliviona akavirusha nje. Nilivifuata barabarani bila viatu, watu wanatazama."

Doreen alikuwa ameketi. Alimtazama mama yake, na katika uso wake mlikuwa na huruma, mlikuwa na hasira pia, kwa kuwa si jambo dogo kugundua ukiwa na miaka arobaini na minane kwamba umelelewa na mtu usiyemjua. "Ungeniambia," alisema. Hester akajibu kwamba angemwambia, halafu Doreen angekuwa binti wa Bakuli, na kuna faida gani hapo.

Mkaguzi alifungua kalamu yake. Akaeleza kwamba ushahidi huu utaandikwa kwa jina, utasomwa mbele ya watu, na pengine gazeti litauchapa. Kama hataki, aseme sasa.

"Andika," Hester akasema. "Hester Pilling. Ndilo lililokuwa langu wakati ule, ingawa humu hakuna aliyeniita kwa jina."

*

Gazeti lilichapa, tena na picha, na chini ya picha waliandika "Mtoto wa Matambara." Wiki ile Hester alipoingia bingo, mwanamke aliyecheza naye miaka ishirini akasogeza mkoba wake kidogo. Vijana wawili waliojifunza neno hilo gazetini walimpigia kelele ya "Bakuli" kwenye kituo cha basi. Alirudi nyumbani, akasema sasa Doreen ameona alichokuwa akiogopa, na kwamba hakukosea hata kidogo. Edna hakuja. Wiki ya kwanza alisema ana mafua. Baadaye hakusema kitu.

Barua ya London ilifika Aprili. Jengo lisiguswe, mtunza jengo na jamaa zake wabaki. Doreen aliisoma kurasa zote, mbele na nyuma, akatafuta hata ndani ya bahasha. Ukurasa wa nne ulisema ubao wa namba lazima uonekane, usifunikwe na samani. Basi kabati la vyombo likahamia kwenye korido, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba ile asiye na jeraha kwenye nyonga. Wilf aliwaandikia kuomba ruhusa ya kurudisha vigingi, akangoja jibu wiki nzima akiwa amekaa juu ya mikono yake, isije ikagusa kitu. Walipokubali alivichonga vyote arobaini na vinne. Vilikuwa vingi mno kwa watu watatu. Doreen alilalamika kwamba jiko limekuwa kama kituo cha polisi.

Hester alitundika koti lake kwenye namba tisini na moja. Hakuna aliyemwambia, naye hakueleza.

Alasiri moja ya mwezi Mei, mvua ikinyesha, mlango wa wasichana uligongwa. Alikuwa Edna Sugden, na pai, amelowa mpaka kwenye kope. Wiki kumi na moja zilikuwa zimepita. Alisema alikuwa njiani akaona heri ajikinge, ingawa nyumba yake ilikuwa ya pili tu kutoka hapo. Hester alimpisha. Hasira aliyokuwa nayo aliipanga vizuri kwa wiki kumi na moja, neno juu ya neno, na sasa alikuwa anangoja tu Edna aketi.

Edna alijigonga kwenye kabati koridoni, akalaani, akaingia jikoni. Akaweka pai mezani, akavua koti linalochuruzika. Karibu naye palikuwa na vigingi vitupu, kumi au kumi na viwili, angeweza kutumia chochote. Akavipita. Akatembea taratibu hadi karibu na dirisha bila kusoma namba, kama mtu anayekwenda chooni kwake gizani, akalitundika koti kwenye sabini na nne.

Kisha akageuka, macho mekundu, kidevu juu, akamtazama Hester kama anayemngoja athubutu.

Hester alitazama koti linavyodondosha maji juu ya sakafu iliyosuguliwa asubuhi. Maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani.

"Miaka arobaini, Edna," akasema. "Mwalimu mwenye sharubu."

"Sharubu ulizianzisha wewe."

Hester akatia maji kwenye birika, akachukua vikombe viwili. Edna alivuta kiti akaketi, akaifunua pai, akasema ikatwe kabla haijapoa, na kwamba ukuta ule wa nje Wilf ameuharibu kabisa, mfuo wake ulikuwa mzuri.